Hata Mfalme Akikusalimu

...na sauti hiyo ni ya baba, hapana, haiwezi kuwa ya baba, baba yuko Nyantende na magoti yake mabovu na koti lake la misa, baba hajakanyaga Cimpunda miaka sita, lakini ni yeye, nani mwingine anayelitaja jina langu lote bila kulikata, nani mwingine anayekohoa kwanza kama mtu anayefagia njia kabla ya kupita, "Mardochée, jambo," amesema, yuko mlangoni nyuma ya mgongo wangu, na mimi nimeinama mezani juu ya kipande cha ngozi, unyoya mkononi, wino bado unang'aa kwenye herufi ya mwisho ya neno Israeli, na sasa hivi tu nimetamka kwa mdomo wangu, kama nilivyofundishwa, ninaandika hili kwa utakatifu wa Jina, nikafumba mdomo, nikashusha ncha, nikaandika herufi ya kwanza ya Jina la Mungu, ile ndogo kuliko zote, tone lenye mwiba juu na kimkia chini, na kabla sijainua mkono... jambo. Jambo! Neno la kwanza kutoka kwake tangu siku aliyoniambia niondoke mbele ya macho yake, miaka sita nalingoja neno hili, nimelisikia ndotoni, nimelisikia kwa watu wengine sokoni nikageuka bure, na leo limekuja lenyewe, Jumatano asubuhi, bati linaanza kulia kwa jua, limekuja katikati ya Jina na siwezi kulijibu, siwezi, kwa sababu Muzee Hugues aliyenifundisha kazi hii alinishika mkono siku ya kwanza akasema polepole, ukianza Jina huachi njiani, huangalii pembeni, husemi neno, hata mfalme wa Israeli akisimama mbele yako akakusalimu, usimjibu, na mimi nikacheka, nikamwambia Muzee, mfalme wa Israeli atapandaje huku Cimpunda, kwa mteremko huu hata pikipiki zinakataa mvua ikinyesha, na yeye hakucheka, akasema basi weka Mwami, weka gavana, weka yeyote unayemwogopa, usimjibu. Hakusema baba. Alitaja wafalme wote akamsahau baba, na mimi mjinga sikuuliza, nani angeuliza, baba alikuwa ameshakataa hata kuniangalia, ningeuliza habari ya salamu yake kwa sababu gani?

Herufi nne tu. Moja imekwisha, zimebaki tatu, na Jina likishatimia naweza kupumua, sheria inaruhusu, hapa kwenye mstari huu majina yanafuatana na kati ya jina na jina mtu anaweza kujibu salamu, kwa hiyo ngoja, papa, herufi tatu, kwa mwandishi mzoefu ni kupiga chafya, kwangu mimi ni dakika nne, labda tano, ngoja... lakini namjua. Baba husalimu mara tatu. Ya nne hakuna. Nyantende nzima inajua, tonton Murhula, ndugu yake baba, alinuna siku moja kwa ajili ya mpaka wa shamba, baba akasimama uani kwake akasalimu mara tatu, akageuka, na mpaka Murhula anakufa hawakusemezana tena, na huko nje nasikia pikipiki iliyomleta, haijazimwa, inakohoa palepale penye mfereji, na kijana wa watu anauliza, "Muzee, nikungoje ao niende?" na baba anasema, "Ngoja kwanza. Nione kama hapa kuko mutu." Kuko mutu, papa, kuko mutu, mgongo wote huu unauona, shati hili la bluu mama ndiye aliyelinunua! Unyoya unarudi kwenye wino, unatikisika, si mkono wangu unaotikisika ni unyoya, najidanganya, ni mkono, mkono ulioandika nusu ya maduka ya Kadutu, Salon Merveille, Boucherie ya Amani, Pharmacie Fungu la Mungu, mkono usioogopa ukuta wowote kwa sababu ukutani ukikosea unapaka nyeupe juu unaanza upya na mwenye duka hajui, na hapa hakuna nyeupe ya kupaka, hapa ukikosea katika Jina hufuti, hukwangui, hugusi, kipande chote kinakufa na unakiweka kwenye mkebe kikingoje kuzikwa, ndiyo, kuzikwa ardhini kama mtu, kwa sababu karatasi iliyobeba Jina haitupwi wala haichomwi, na mimi ninao mkebe wa biskuti juu ya kabati wenye wafu watano.

Mungu wangu, ni kitu gani nilichojiingiza... nilikwenda kuandika kibao. Hivyo tu. Muzee Hugues aliniita nimwandikie kibao cha chumba cha sala, familia kumi na moja zinazoshika Sabato kule chini karibu na ziwa, nikadhani ni kanisa jingine la kawaida, nikaja na rangi zangu na ngazi, na wakati rangi ya kwanza inakauka akanionyesha kitu kidogo alichokuja nacho kutoka Yerusalemu alikosomea, kipande cha ngozi si kikubwa kuliko kiganja, mistari ishirini na miwili, mezuza, akasema hii hukunjwa ikapigiliwa kwenye mwimo wa mlango ili mtu akitoka na akiingia akumbuke yeye ni wa nani, na mimi sikusikia habari ya mlango, mimi niliona herufi. Mimi ni mtu wa herufi, nimezila tangu utoto, na zile zilikuwa haziketi kwenye mstari. Zilikuwa zinaning'inia. Mstari uko juu yao, umechorwa kwa ncha kavu bila wino, na kila herufi imetundikwa hapo kwa kichwa chake, mia saba na kumi na tatu, hakuna inayogusa jirani yake, hakuna iliyokanyaga chini, miaka ishirini naandika nikipanga herufi zangu chini kama chupa kwenye rafu na sikuwahi kufikiri kwamba herufi inaweza kushikwa kutoka juu, nikakaa kwenye ngazi yangu nikaona haya kulia mbele ya mzee wa watu, nikalia hata hivyo. Hapo ndipo nilipotekwa. Baba anadhani nilidanganywa kwa maneno, hakuna aliyenieleza neno, nilitekwa kwa macho. Kisha miaka ya kusoma, kisha waamuzi watatu waliokuja kutoka nje, wakatuuliza maswali siku mbili, wakatutumbukiza ziwani tuwe Wayahudi, maji baridi ya Kivu juu ya kichwa mara tatu, nikatoka nikitetemeka, nikamwendea baba Nyantende nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine, yeye aliyekuwa katekista kwa miaka thelathini na minne, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jina nilikupatia miye, nilitoa mu Biblia, na leo iko nanicheka," akasimama, akasema niondoke. Na ni kweli, papa, nani alinibatiza Mardochée, Myahudi yule aliyekataa kuinama mbele ya mkubwa, ungeniita Donatien kama wewe pengine leo ningekuwa naimba kwaya...

Paa. Herufi ya pili inaanza na paa, unavuta kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ncha imelala, wino unaingia kwenye ngozi kama maji kwenye udongo wa mvua ya kwanza, halafu mguu wa kulia unashuka umeshikamana na paa, hivyo, hivyo, usikohoe papa, usikohoe sasa... na ngozi inapokea, ngozi ya mbuzi wa kilio cha mama. Ndiyo, papa, hii ni ya mbuzi wako, hujui, dada yangu Sifa aliificha kwenye mfuko wa plastiki siku ya kumaliza kilio akaniletea bila neno, kwa sababu mimi kwenye mazishi nilisimama upande wa wageni, nilikuja kwako na mkono umenyooshwa mbele ya kaburi la mama Euphrasie, mama yangu, na wewe ukatia mkono wako mfukoni, watu wote waliona, padri aliona, nikabaki nimenyoosha mkono kama mtu anayepima kama mvua inanyesha, na sikukasirika, baadaye ndiyo, siku ile hapana, siku ile niliona aibu tu. Ngozi nililoweka kwenye chokaa siku tisa katika beseni la mke wangu, nyumba ikanuka mpaka Consolate akaenda kulala kwa mama yake siku mbili, nikaikwangua manyoya kwa kisu butu, nikaikaza kwenye fremu ya mbao kama ngoma, na kila hatua lazima useme kwa sauti, hii ni kwa utakatifu wa mezuza, usiposema ni ngozi tu, ni kiatu kinachongoja mguu, majirani wakanisikia nikizungumza na ngozi wakanionea huruma. Wino ni masizi, taa ya mawese chini ya sahani iliyopinduliwa, unakwangua masizi unayachanganya na gundi na asali ya Kabare, unasaga mpaka kiganja kinapata malengelenge, na unyoya ni wa bata mzinga wa masista, uliookotwa uani kwao, nilimwomba sista akacheka akanipa fungu zima, sista hajui anashiriki nini. Mbuzi, masizi, asali, unyoya wa ndege wa masista, ukiviweka mezani kimoja kimoja ni takataka za uani, na kutoka humo linatoka Jina ambalo mimi silitamki, sijawahi kulitamka na sitalitamka, hata herufi zake sizitaji kichwani mwangu moja moja, na bado naliandika, mimi mchora vibao, ninashangaa, kila mara nashangaa upya, nywele za mkono zinasimama, nani aliyeruhusu hili?

"Mardochée. Jambo." Ya pili. Sauti imeshuka kidogo, na mdomo wangu umefunguka, naapa umefunguka wenyewe, ulimi umeshapanda, nauma ulimi, nauma mpaka nasikia chumvi, kwa sababu hivi ndivyo kipande cha kwanza kilivyokufa, kwa adabu, kiliuawa na adabu, nilikuwa hapahapa kwenye herufi hii ya pili, mguu wa kushoto ambao ni lazima uning'inie peke yake bila kugusa paa, uwazi wa unywele tu kati ya mguu na paa lakini uwepo, na mama Zabibu jirani yetu akasimama mlangoni akasema hodi, na mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, mdomo ukajibu "Karibu!" kabla kichwa hakijajua, na pamoja na karibu mkono ukaruka, mguu ukagota paa, herufi ikageuka herufi nyingine na Jina likawa si Jina. Karibu! Mama Zabibu akaingia na sahani ya sambusa akanikuta nimeshika kichwa, nikamweleza, yeye mtu wa swala tano alielewa haraka kuliko Wakristo wote wa mtaa huu, akaweka sambusa chini, akatoka kinyumenyume bila kugeuza mgongo, na tangu siku hiyo akiona mlango umerudishwa nusu hasemi hodi, anagonga kijiko kwenye bomba la nje na kungoja. Nilimwambia Muzee Hugues, akacheka mpaka machozi, akasema vitabu vyote vinaonya juu ya mfalme lakini waandishi wa vitabu hawakuishi Bukavu, hapa hodi ina nguvu kuliko wafalme. Mbuzi yule alitoa vipande sita. Hiki ni cha sita. Sina mama mwingine wa kumlilia.

Mguu wa kushoto, chini ya paa, usiguse, pumua kwa pua, haujagusa. Haujagusa! Herufi ya pili imesimama. Na nyuma yangu nasikia kandambili za Consolate zikikimbia kutoka kwenye kamba ya nguo, "Papa? Papa, ni weye kweli? Karibu, papa, ingia, ikala," na baba, "Jambo, Consolate. Bwana yako amekuwa kiziwi?" na yeye, mke wangu mwenye akili, sauti imeshuka mara moja, "Hapana, papa. Iko naandika." "Kuandika inafungaka masikio?" "Iko naandika Jina ya Mungu, papa. Akianza, hana ruhusa ya kujibu mutu mpaka amalize." Pikipiki bado inakohoa. Mtu anapita njiani akiuza mkaa. Kisha baba, polepole sana, sauti ambayo naijua mno, "Hata baba yake?" Consolate, sema kitu, sema hapana, sema baba ni tofauti, sema uongo mdogo tu utakaomfanya akae, lakini Consolate hasemi uongo, ndiyo sababu nilimwoa na ndiyo sababu nateseka, anasema, "Sijue, papa. Walisemaka hata mufalme." Na mimi ninashusha unyoya kwa herufi ya tatu, kichwa kidogo na mguu mmoja mrefu, mtu aliyesimama wima, rahisi kuliko zote na kwa hiyo ya hatari, ukiufupisha mguu umerudi kwenye ile ndogo ya kwanza, ukiurefusha umeharibu mstari, na moyo wangu hauko hapa, uko mlangoni, Muzee anasema ukishatamka kwa mdomo mwanzoni basi moyo ukitangatanga Mungu anajua jinsi mioyo inavyotangatanga, natumaini anajua, kwa sababu wangu umetoka kabisa, umevaa viatu, uko nje unamshika baba koti...

Waheshimu baba yako na mama yako, hiyo nayo iko kwenye ngozi, mahali pengine, kwa herufi hizihizi. Nani wa kwanza? Ningeweka tu unyoya chini. Ningesema jambo, papa, silabi nne, ngozi ingekwenda kwenye mkebe na wenzake, na ningekuwa na baba. Mungu ana mezuza ngapi duniani, mimi nina baba mmoja, ana miaka sabini na minane. Ningesema. Nasema. Nitasema sasa... na mkono hausimami, mguu mrefu unashuka, mkono haukuniuliza. "Mardochée." Ya tatu. Hakuongeza jambo. Mardochée tu, kama anavyoita mtu ndani ya nyumba yenye giza. Na hapo, sijui kwa nini hapo, nimeona jiko la Nyantende likiungua. Nina miaka saba, nakimbia, mama amenituma, kimbia umwite baba yako jiko linaungua, majani ya paa yanalia kama mvua, nimefika kanisani nimekosa pumzi na baba amepiga magoti mbele, anasalisha, wazee watano na yeye, na mimi nasema papa, papa, jiko, naye hakugeuka. Aliinua kidole. Kidole kimoja, bila kugeuka, na akaendelea mpaka amina, na mimi nimesimama nikiangalia kisogo chake na kola ya shati lake iliyochakaa, nalia, na jiko likaungua lote, na mihogo, na kiti cha bibi. Mama alimtania kwa hilo mpaka uzee, Donatien na kidole chake. Mimi sikutania. Mimi nilimchukia, miaka, niliapa kwamba mimi mtu wangu akiniita nitageuka, hata nikiwa nazungumza na nani, nitageuka. Na leo kisogo ni changu. Kola ni yangu. Anayesimama mlangoni akiita ni yeye, na sasa ndiyo najua kilichokuwa upande ule mwingine wa kisogo, Mungu wangu, kumbe alisikia! Miaka thelathini na tano nilidhani hakusikia, nilidhani watu wa sala masikio yao yamefungwa kwa nta, kumbe alisikia kila papa niliyoisema, ilimwingia kama kisu, na alishikilia. Kidole kile kilikuwa kinatetemeka, sasa nakumbuka, kwa nini sikuwahi kukumbuka kwamba kilikuwa kinatetemeka?

Na pikipiki imeondoka. Nimeisikia ikipandishwa gia, ikageuka kwa shida penye mfereji, ikashuka, pembe moja kwenye kona, na sasa ni mtaa tu, redio ya mtu, kuku, na nyuma yangu hakuna kitu, hakuna kikohozi, hakuna kandambili, na sijui. Amepanda au hakupanda? Consolate hasemi. Labda amemsindikiza. Labda amekaa chini anashika kichwa. Siwezi kugeuka nijue, zimesalia hatua tatu za herufi ya nne, paa, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, herufi ileile ya pili inarudi, na jambo la ajabu ni kwamba nilidhani sasa nitaharakisha, nimalize, nikimbie mteremko mzima nikamfukuze mpaka barabara kubwa, na badala yake mkono umetulia. Umetulia kama maji ya ziwa asubuhi. Navuta paa na sijawahi kuvuta paa kama hili. Wino unaingia, mweusi, mtulivu, na kwa mara ya kwanza siogopi kukosea, naogopa kitu kingine, kikubwa zaidi, naogopa kwamba ni kweli. Kwamba Jina hili kweli linasikia. Kwamba si mchezo wa sheria za watu wa mbali uliopendeza macho ya mchora vibao, kwamba hapa, Cimpunda, kwenye meza yenye mguu uliotiwa kipande cha kandambili usiyumbe, kuna mtu ananiangalia nikiandika jina lake na yeye pia ameshika pumzi. Mguu wa kulia. Umeshuka. Hapa Muzee Hugues alinisimamisha siku ya kwanza akaniuliza, kwa nini herufi hii imefunguka chini yote, nikasema sijui, akasema ili anayetaka kutoka atoke, hazuiwi, na ule uwazi mdogo juu, kati ya mguu na paa, ni wa nini, nikasema sijui, akasema ni wa yule aliyetoka akitaka kurudi, huyo hapiti chini alikotokea, anafunguliwa huku pembeni juu, padogo, pa unywele, lakini papo, na ukipaziba umeua herufi. Nilidhani ni hadithi nzuri ya kukumbuka kutogusa. Nilidhani pia, kama nilikuwa na haki ya kudhani, kwamba kati ya baba na mimi aliyetoka ni mimi tu.

Kiti. Kiti kimelia nyuma yangu, kile cha plastiki chenye ufa, kinavyolia akikalia mtu mzito, na Consolate si mzito. Usigeuke. Kikohozi, kile cha kufagia njia. Yuko! Yuko ndani, hatua mbili, nasikia harufu ya koti la misa, nondo na tumbaku, aliachia pikipiki iende na yeye akaingia, na Consolate anasema kwa haraka, kwa huruma, Mungu ambariki anadhani anatusaidia, "Papa, acha nimuguse ku bega, atakujibu, ni neno moja tu, Mungu atamusamehe," na nasikia hatua yake, mkono wake unakuja, na baba anasema... anasema kwa ile sauti ya kanisani, ya chini, ya mtu aliyepiga magoti, "Acha ye. Asinijibu. Akinijibu, narudia Nyantende kwa miguu." Na ninajua bila kuona kwamba ametoa kofia. Asinijibu! Macho yamejaa, meza inaogelea, na hapana, si hapa, tone moja tu la chumvi juu ya wino huu mbichi na mama amekufa mara ya pili, nimegeuza uso kando, nimeinua kidevu, lidondoke kwenye ndevu, lidondoke shatini, lidondoke popote, na unyoya uko hewani, bado una wino wa kutosha, paa liko tayari, mguu wa kulia uko tayari, mguu wa kushoto bado, nimeusubirisha kidogo macho yakauke, na baba yuko nyuma yangu anapumua kwa shida baada ya mteremko, ananingoja, nami simjibu, simjibu kwa moyo wangu wote.